Mti Haukuulizwa

Darasa letu la Kilatini lilikuwa la mbao,
limesimamishwa juu ya lava iliyokwisha kupoa,
na chini ya madawati mawe meusi
yalikuwa na matundu kama mkate ulioungua.
Tulikuwa kumi na mmoja na kamusi moja,
haina jalada, haina A, haina B;
moto ulikuwa umesoma hapo kabla yetu.
Neno la kupenda lilikuwemo humo.
Tulijifunza kwa kuibia.

Mwalimu Bashwira, chaki nyuma ya sikio, akafasiri:
mungu anakimbia, binti anakimbia,
mungu ana pumzi nyingi.
Ukingoni mwa mto binti anamwomba baba yake msaada
na msaada wenyewe ni magome.
Yanaanzia kisiginoni, yanafunga magoti,
kifua kinakuwa shina, nywele majani.
Mungu anafika amechelewa,
anavunja tawi, anajivika kichwani.
Washairi, akasema Mwalimu,
wameirudia hadithi hii miaka elfu mbili,
kila mmoja na ulimi wake,
na kila ulimi ukalisifu tawi.

Kavugho, dawati la mbele, akanyoosha kidole:
"Mwalimu, na ule muti ulisemaka nini?"
Mwalimu akashuka na kidole ukurasa mzima.
"Majani yalitikisika. Wanasema alikubali."
"Hata upepo unatikisaka majani," akasema Kavugho,
akaketi.
Kengele ikagongwa, ile rimu ya lori,
na hakuna aliyeandika jibu.

Mimi jioni ile niliandika shairi,
karatasi ya miraba, kalamu ya kuazima.
Nilimgeuza ndege.
Nikampa mabawa ya rangi ya Kivu asubuhi,
nikampandisha juu ya moshi wa Nyiragongo,
nikajiona fundi.
Alilisoma amesimama kwenye foleni ya bomba,
madumu mawili ya njano miguuni pake.
"Manyoya umeweka," akasema. "Miguu yangu umepeleka wapi?"
Akakunja karatasi mara nne, akanirudishia,
akasogeza madumu.

Diploma yangu iko chini ya godoro.
Hapa Majengo mimi natengeneza chukudu.
Mikaratusi inashuka kutoka Masisi imelala kwenye lori,
bado inanuka kama kifua cha mgonjwa kilichopakwa dawa.
Naichonga shingo, naichonga mgongo,
naipasua magurudumu, nayavika mpira wa tairi kuukuu,
pembe mbili kwa mbele za kushikia.
Siku ya tatu inateremka barabara ya Kibumba
na magunia manane ya viazi, inalia, inakwepa mashimo.
Yule binti alikimbia akawa mti.
Kwangu mti unaanza kukimbia.
Nilikuwa nimeshaipenda sentensi hiyo.
Nilikuwa naitunza kama mtu anavyotunza msumari ulionyooka.

Juzi akaja. Viatu vya mvua, daftari la madeni kwapani,
simu inaita, haipokei.
Mama Kavugho wa viazi, ndivyo wanavyomwita,
na vijana kumi na wawili wanamsukumia mizigo.
Anataka chukudu tano kabla ya mwisho wa mwezi.
Akahesabu pesa ya kutangulia, noti za faranga,
moja imegandishwa kwa utepe.
"Bado unageuzaka watu?"
"Mbao tu," nikasema.
Nikamsomea sentensi yangu, kama mjinga.
Akaliangalia gogo lililolala kati yetu,
limechunwa upande mmoja, jeupe, linatoka maji.
"Na huu nao," akasema, "uliuuliza?"

Akaondoka bila kungoja.
Nilikaa mpaka mvua ikaanza kugonga mabati.
Kisha nikauliza. Kwa Kilatini,
maana jirani angesikia angecheka.
Hakukuwa na upepo.
Gogo lilikaa kimya kama gogo.

Tano, kabla ya mwisho wa mwezi, na pesa nimepokea.
Nikaokota tezo.
Sentensi ile sijaiandika popote.